München, Köln au Nürnberg: sherehe ipi ya Ujerumani ikufae?

Mtu wa kwetu akipata likizo na nauli ya kwenda Ujerumani kutembea tu, si masomo wala mkutano, swali la kwanza huwa "Oktoberfest ni lini?" Simlaumu. Hakuna sherehe ya Wajerumani iliyovuma kuishinda hiyo. Ila Ujerumani ni shirikisho la majimbo 16, na yale ambayo dunia nzima inayaita ya Kijerumani, yaani kaptula za ngozi, bia ya lita moja na bendi za matarumbeta, kwa kweli ni mambo ya Bavaria, kule kusini. Mwambie mtu wa Hamburg kwamba Oktoberfest ni mila yake, atakusahihisha kabla hujamaliza sentensi.

Ziko sherehe tatu kubwa ambazo mgeni anaweza kupanga safari nzima kwa ajili yake: Oktoberfest ya München, Karneval ya Köln na soko la Krismasi la Nürnberg. Nazilinganisha kwa kipimo ambacho matangazo ya utalii hayakigusi: mgeni asiyejua mtu, na Kijerumani chake cha kubabaisha, anapata nafasi gani humo ndani? Bei, baridi na chakula nitavifikia.

Kwanza tarehe, maana hazifanani hata kidogo. Oktoberfest, licha ya jina lake, huanza Septemba. Ya 2026 ni kuanzia 19 Septemba hadi 4 Oktoba. Soko la Nürnberg hufunguliwa Ijumaa inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, na kufungwa mchana wa mkesha wa Krismasi, kwa hiyo mwaka 2026 ni 27 Novemba hadi 24 Desemba. Tarehe za Karneval huhesabiwa kutokana na Pasaka, kama za Kwaresima. Mwaka 2027 siku zake za mtaani zinaanza Alhamisi ya 4 Februari, zinafika kileleni Jumatatu ya 8, na zinakatika ghafla Jumatano ya Majivu, Kwaresima inapoanza, tarehe 10.

München: usipopata kiti hupati bia

Oktoberfest ilianza kama harusi. Tarehe 12 Oktoba 1810 mwana mfalme Ludwig wa Bavaria alimwoa Therese wa Sachsen-Hildburghausen, na siku chache baadaye zikafanyika mbio za farasi katika uwanja nje ya lango la mji. Watu walifurahi, wakarudia mwaka uliofuata. Uwanja ukaitwa Theresienwiese kwa jina la bibi harusi, na wenyeji hadi leo wanaita sherehe yenyewe "Wiesn". Baadaye ilisogezwa nyuma hadi Septemba kwa sababu jioni za Oktoba kule ni za kutetemesha. Therese mwenyewe alikufa kwa kipindupindu mwaka 1854, mwaka ambao sherehe ilifutwa kwa ajili ya ugonjwa huohuo.

Leo wanaingia watu milioni sita hadi saba katika wiki mbili na ushei. Kuingia uwanjani ni bure, jambo ambalo wengi hawalijui. Ndani kuna mabembea, magurudumu makubwa, vibanda vya lozi zilizokaangwa kwa sukari, na mahema makubwa 14 yanayochukua maelfu ya watu kila moja. Bia inatoka kwa viwanda sita tu vya München: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten. Siku ya kwanza saa sita mchana meya wa jiji anapiga bomba kwenye pipa katika hema la Schottenhamel na kutangaza kwamba limefunguka. Kabla ya hapo hakuna anayeuziwa hata tone.

Hapa ndipo kipimo changu kinapouma. Ndani ya hema, asiye na kiti hahudumiwi. Meza za watu wanane hadi kumi huwekwa nafasi miezi mingi kabla, na anayeziweka hulipia mapema chakula na vinywaji vya kila kiti. Makampuni ya München huchukua meza kwa ajili ya wafanyakazi na wateja wao. Familia zina meza yao ya kila mwaka. Sehemu ya viti huachwa wazi kwa sheria ya jiji, hivyo ukifika Jumanne saa nne asubuhi utakaa. Ukifika Jumamosi saa tisa alasiri utasimama nje ya mlango uliofungwa ukisikiliza bendi.

Ukishakaa, lakini, mambo hubadilika. Mabenchi hayana migongo, watu wamebanana, na baada ya lita ya kwanza jirani yako atakushika bega muyumbe pamoja. Bendi inarudia wimbo uleule mfupi wa kunyanyua glasi mpaka uujue kwa lazima. Ni urafiki wa kweli kwa saa tatu. Sijaona ukivuka mlango wa hema, na sidhani kuna anayetarajia uvuke.

Mavazi hayalazimishwi, ila wengi huvaa: dirndl kwa wanawake, kaptula za ngozi kwa wanaume. Kama kanga inavyosema kwa maandishi yake, dirndl inasema kwa fundo la aproni: likifungwa kushoto, mwenyewe hana mtu, kulia, amekwisha poswa au kuolewa. Ukinunua vazi la bei rahisi la plastiki pale stesheni wenyeji watalitambua kutoka mbali, na hawatakuambia. Vaa suruali yako ya kawaida na shati safi, hakuna atakayekushangaa.

Köln: jipake rangi, umeingia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sherehe ambayo watu wa kwetu wanaifahamu kidogo kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda.

Karneval ni ya Wakatoliki wa bonde la mto Rhein. Msimu unafunguliwa tarehe 11 Novemba saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, kwa kuwa kumi na moja huko ni namba ya wapumbavu. Kisha unalala wakati wa Majilio na Krismasi, na kuamka kwa nguvu Alhamisi kabla ya Jumatano ya Majivu. Alhamisi hiyo ni ya wanawake. Mwanamume akienda kazini amevaa tai, ajue itakatwa kwa mkasi na atabaki na kipande shingoni. Wenye busara huvaa tai kuukuu makusudi. Desturi ya wanawake kushika usukani inahusishwa na wafua nguo wa Beuel, ng'ambo ya mto pale Bonn, walioanzisha kamati yao mwaka 1824.

Karneval iliyopangwa na kamati, yenye msafara wa Jumatatu, ilianza mwaka 1823. Köln ilikuwa imekaa chini ya Wafaransa tangu 1794, halafu mwaka 1815 ikapewa Prussia, dola ya Kiprotestanti iliyopenda nidhamu na sare za jeshi. Wenyeji hawakuweza kuipiga Prussia, wakaicheka. Vikundi vyao vikongwe, kama Rote Funken, huvaa sare nyekundu za askari wa zamani wa jiji, hubeba bunduki za mbao zenye maua mdomoni, na gwaride lao linaishia kwa ngoma ambayo wanaume wazima wanasuguana makalio. Ukiiona mara ya kwanza utafikiri wamelewa. La hasha, wamefanya mazoezi mwaka mzima.

Viongozi wa sherehe ni watatu: Mwana Mfalme, Mkulima na Bikira. Bikira huwa mwanamume aliyevaa gauni na nywele za bandia. Mwaka 1938 na 1939 tu ndipo wanawake walipopewa nafasi hiyo, kwa sababu Wanazi hawakutaka kuona mwanamume katika gauni. Na tusifiche upande mwingine: mwaka 1934 katika msafara wa Köln lilipita gari lililowadhihaki Wayahudi waliokuwa wakiikimbia nchi, na watu walicheka. Kicheko cha Karneval kimewahi kuelekezwa kwa mnyonge pia, na waandaaji wa leo hawajifanyi hawalijui hilo.

Jumatatu yenyewe, Rosenmontag, msafara unapita mjini kwa saa nyingi mbele ya watu wapatao milioni. Magari yamebeba masanamu makubwa ya kuwakejeli wanasiasa, na kutoka juu yake zinarushwa peremende na chokoleti, takriban tani 300, pamoja na maua. Unapiga kelele "Kamelle!" nazo zinakuangukia kichwani. Wenyeji huja na miavuli na kuigeuza juu chini. Salamu ya Köln ni "Alaaf". Salamu ya Düsseldorf, mji jirani usiofika nusu saa kwa treni, ni "Helau". Ukikosea Köln utazomewa kwa mapenzi, lakini utazomewa.

Mwaka 1991 msafara ulifutwa kwa sababu ya vita vya Ghuba. Watu wakatoka wenyewe mitaani kupinga vita, na kutoka hapo ukazaliwa msafara wa mizimu wa usiku. Mwaka 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Jumatatu hiyohiyo iligeuzwa kuwa maandamano ya amani, na waandaaji walihesabu watu wapatao 250,000, wengi wakiwa bado wamevaa mavazi ya sherehe.

Sasa, nafasi ya mgeni. Köln hakuna kiti cha kuwekewa. Ukijipaka nukta mbili nyekundu mashavuni na kuvaa kofia ya ajabu, umekwisha kuwa mwenyeji kwa siku hiyo. Usipovaa chochote, hapo ndipo utaonekana mgeni. Baa zimejaa hata kutembea ni shida, watu wanaimba kwa lahaja ya Köln ambayo hata Mjerumani wa Berlin haielewi vizuri, kwa hiyo Kijerumani chako kibovu hakikupunguzii chochote. Bia yao, Kölsch, inakuja kwa glasi nyembamba ya mililita 200, na mhudumu ataendelea kukuletea nyingine bila kuulizwa mpaka ufunike glasi kwa kile kikaratasi kigumu cha kuwekea kinywaji. Hili lijue kabla hujakaa.

Lipo jambo la kumwambia Mwafrika waziwazi. Bado utakutana na mtu mmojammoja aliyejipaka masizi usoni na kuvaa majani kiunoni, akidai ni "Mwafrika". Miaka ya karibuni jambo hilo limezua mabishano makali Ujerumani, na vyama vingi vya Karneval vinawataka watu waliache. Wanaolifanya wamepungua lakini hawajaisha. Kama unajua kuona hivyo kutakuharibia siku nzima, lipime kabla ya kukata tiketi.

Kuna mahali pa kuepuka pia. Mtaa wa Zülpicher Straße, jirani na chuo kikuu, hujaa vijana waliolewa tangu asubuhi ya tarehe 11 Novemba na Alhamisi ya wanawake, hadi polisi wanaufunga. Hapo huoni Karneval, unaona ulevi. Nenda kusini mwa mji, upande wa Severinstraße. Na kama una watoto, siku yako ni Jumapili, unapopita msafara wa shule na vitongoji: mavazi yameshonwa na wazazi na walimu, kejeli ni za mambo ya mtaani, na peremende ni zilezile.

Nürnberg: mpita njia hasumbuliwi

Soko la Krismasi halikudai chochote. Hakuna kiti wala vazi wala wimbo wa kujifunza. Unatembea kati ya vibanda vya mbao vyenye mapaa ya kitambaa chenye mistari myekundu na myeupe, unanunua, unasimama kwenye meza ndefu na kikombe cha moto mkononi. Hakuna atakayekukaribisha na hakuna atakayekufukuza. Kwa mtu mpole, au anayesafiri peke yake na hapendi kuguswa na wasiomjua, hiyo ni neema.

Linatajwa katika kumbukumbu za mwaka 1628, na Dresden wana lao la tangu 1434, kwa hiyo Nürnberg si la kwanza. Ila usidanganyike na sura ya ukale. Mji mkongwe uliteketezwa kwa mabomu tarehe 2 Januari 1945, na karibu kila unachokiona kimejengwa upya. Wanazi ndio waliolirudisha soko katika uwanja wa Hauptmarkt mwaka 1933 na kulibuni upya kwa sherehe ya ufunguzi, kisha baada ya vita likaanza tena mwaka 1948. Siku hizi linafunguliwa na msichana anayeitwa Christkind, mwenye taji na nywele za dhahabu, akiwa juu kwenye roshani ya kanisa la Frauenkirche. Anachaguliwa kwa miaka miwili. Mwaka 2019 alichaguliwa Benigna Munsi, binti wa baba Mhindi, na tawi moja la AfD, chama cha siasa kali za mrengo wa kulia, likaandika matusi juu yake. Mji ukasimama upande wa binti, naye akafungua soko.

Chakula cha kule kitamgusa mtu wa pwani kabla hajaonja. Lebkuchen, mkate wao mtamu wa Krismasi, unanukia karafuu, mdalasini na iliki. Nürnberg ilitajirika zamani kwa kuwa njia panda ya biashara ya viungo vilivyotoka Mashariki kupitia Venezia, ndiyo maana mkate huo ukashamiri huko. Tafuta ulioandikwa Elisenlebkuchen, wenye lozi au jozi nyingi na unga kidogo sana au hakuna kabisa. Ule mwingine wa bei ya chini umejaa unga, na hauna maana ya kuupandia ndege.

Asiyekunywa na asiyekula nguruwe

Wengi wa wasomaji wa Kiswahili ni Waislamu, na wengine ni walokole. Tuseme ukweli kuhusu kila mji.

München ndiyo ngumu zaidi. Unaweza kuagiza maji, maji ya tofaa yenye gesi au soda, na wahudumu hawakushangai, lakini hema zima limejengwa juu ya bia na kufikia saa moja jioni wewe ndiye pekee mwenye akili timamu mezani. Kuku wa kuchoma ndiye mlo maarufu. Hachinjwi kwa kufuata sheria za Kiislamu isipokuwa kibanda kikisema hivyo. Samaki wa kuchomwa kwenye kijiti, Steckerlfisch, ni mzuri na hana utata. Asiyekunywa aende mchana, apande mabembea, aingie ndani ya sanamu kubwa la Bavaria na kupanda ngazi zake hadi kichwani, kisha aondoke kabla ya magharibi.

Köln pia wanakunywa, tena sana, ila msafara uko barabarani na huhitaji kuingia baa kuuona. Viazi vya kusugua vilivyokaangwa kwa mafuta, wanavyokula na tofaa lililopondwa, vinatosha kukufikisha jioni. Donati za jamu ziko kila kona. Köln ina jamii kubwa ya Waturuki, kwa hiyo chakula halali hakihitaji kutafutwa.

Nürnberg wana soseji ndogo ambazo huliwa tatu ndani ya mkate. Ni nguruwe, usijaribu kujipa moyo. Mvinyo wa moto wenye viungo una ndugu yake asiye na pombe, Kinderpunsch, na kila kibanda kikubwa kinamuuza. Unaacha pesa ya dhamana ya kikombe, unarudishiwa ukikirudisha, au unakichukua nyumbani kama kumbukumbu iliyolipiwa tayari.

Mfuko

Bia ya lita moja Oktoberfest ya 2025 ilikuwa kati ya euro 14.50 na 15.80 kutegemea hema. Lakini kinachomaliza pesa ni kulala. Hoteli za München hupandisha bei maradufu au zaidi katika wiki hizo, na dawa yake ni kulala Augsburg au hata Nürnberg na kuja kwa treni. Ukiwa na watoto, nenda Jumanne, siku ya familia, mabembea hupunguzwa bei. Watoto wa chini ya miaka sita lazima watoke mahemani saa mbili usiku hata wakiwa na wazazi wao.

Köln kulala kunapanda Jumapili na Jumatatu, na Bonn ni kimbilio zuri. Matumizi mengine ni madogo: sherehe ni ya barabarani, na peremende unarudi nazo begi zima. Nürnberg ndiyo nafuu kwa jumla, mradi uende siku za kazi. Jumamosi za Desemba mji unajaa mabasi ya watalii hadi huoni kinachouzwa.

Kuhusu usalama, Ujerumani imeonja uchungu: bomu la Oktoberfest mwaka 1980, lori lililoparamia soko la Krismasi Berlin mwaka 2016, gari Magdeburg mwaka 2024. Ndiyo maana utaona vizuizi vya zege, na München huruhusiwi kuingia na begi kubwa. Wanawake wanaosafiri peke yao wajue kwamba Oktoberfest ina kituo maalumu cha kuwasaidia uwanjani, na Köln nao wana huduma kama hiyo siku za Karneval.

Ningemshauri nani nini

Kundi la marafiki sita au saba wanaokunywa, wenye mtu anayeishi München wa kuwawekea meza: Oktoberfest, bila kufikiri mara mbili. Mtu mmoja au wawili bila mwenyeji, wanaotaka jina tu la kupigia picha, waende asubuhi ya siku ya kazi na wasilale mjini.

Baba, mama na watoto, au mama mzee aliyekuja kumtembelea mwanawe anayesoma huko: Nürnberg, wiki ya kwanza ya Desemba. Mzee apate koti zito na viatu visivyoteleza, maana mawe ya uwanjani huganda.

Anayetaka kuwaona Wajerumani wakijicheka wenyewe aende Köln. Rafiki zangu hudhani nawatania ninaposema watu hawa wana utani, mpaka wafike Alhamisi ile.

Februari ina tatizo moja: mvua ya baridi, joto la nyuzi chache tu juu ya sifuri, saa nne au tano umesimama barabarani. Vaa nguo za joto kwanza, halafu vazi la sherehe juu yake. Ndiyo maana wenyeji wengi huwa dubu au chale, mavazi mapana yanayomeza koti zima.

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na ada ya mtu mzima ni euro 90. Foleni ya miadi ya ubalozi ndiyo ndefu. Anayeitaka Karneval ya Februari 2027 aanze kuitafuta miadi hiyo Septemba, wakati wenzake wanapanda ndege kwenda München.